Hina ya Ndevu za Mwanarusi

Mwanarusi wa Mwabungo ana ndevu. Nalisema mapema ili anayetaka kucheka acheke amalize. Wala si vinyweleo viwili vitatu vya kidevuni. Ni ndevu hasa, na mimi Esha, somo yake niliyemfunda, nazijua.

Kwa miaka alizinyoa kila alfajiri, akavaa nikabu, akaenda kukaanga viazi karai Kona ya Musa. Joto la karai lilimwasha kila palipopita wembe. Chirau, dereva wa tuktuk, alimpendea hapo hapo kwa ulimi wake mkali, akaleta posa bila kuuona uso.

Harusi ilipokaribia vidonda vilizidi, nikampeleka Msambweni kwa Daktari Mutheu, mwanamke mpole wa Kikamba. Akampima damu.

"Androjeni zako ziko juu, dada. Ni homoni. Jina lake la Kigiriki, andro ni mwanamume." Akatuambia ukoo wa maneno hayo ni mkubwa: tiba ya wanaume huitwa androlojia, na hata sehemu ya ua yenye chavua ina andro katika jina lake la kisayansi.

"Na wewe daktari, huna hizo androjeni?" akauliza Mwanarusi.

"Ninazo. Kila mwanamke anazo."

"Basi mbona zikaitwa za wanaume?"

"Waliozipa jina walikuwa wanaume, dada. Huu si ugonjwa wa kukuua. Vidonge vipo, ukivitaka."

Hakuvitaka. Tulipofika kwake akautupa wembe chooni. "Alichonipa Mungu ni changu, Wagiriki wakiite watakavyo. Sinyoi tena."

Mimi niliogopa. Posa imepokewa, jamaa wamealikwa, na bwana harusi hajui lolote.

Siku ya hina akaja Bi Shutu, shangazi yake Chirau. Akaufunua mtandio wa bibi harusi, akaruka nyuma. "Subhanallah! Mnyoeni huyu! Asiponyolewa, ndoa haifungwi." Wanawake wote wakatazama mkeka.

Mwanarusi akanigeukia. "Somo, wazee wetu msikitini hawapaki hina ndevu zao?"

"Hupaka."

"Basi nipake na mimi."

Nikampaka, mwanzo kwa hofu, kisha kwa hasira. Mzee mwenye ndevu nyekundu hupishwa njia, mwari wangu aonewe haya kwa nini?

Bi Shutu akampigia simu Chirau, akafungua sauti wote tusikie. "Mwanangu, huyu mchumba wako ana ndevu!"

Mwanarusi akaipokonya simu, akaiweka shavuni na hina yake mbichi. "Chirau, ni kweli. Ninazo, nimezipaka hina, na sizinyoi kwa ajili ya mtu. Ukinitaka, njoo kesho. Hunitaki, kaa kwenu. Biriani itapikwa na italiwa."

Tulisikia tuktuk ikinguruma, kisha ikazimwa. Nilimshika mwari wangu bega, naye aliyesema kama simba akaning'ang'ania mkono.

"Biriani yenyewe," akauliza Chirau, "ni ya kuku au ya mbuzi?"

"Ya mbuzi."

"Basi nitakuja mapema."

Vigelegele vilipasua bati. Nililia, wala sioni haya kusema. Bi Shutu akarudishiwa simu yake, kioo kizima kimejaa hina ya ndevu.