Maisha nafuu ya bustani Gulwe, na karanga nilizozirudisha kwa jirani

Wakuu, salaam kwenu wote, na shikamoo kwa wanaostahili.

Leo nimekuja kukanusha maneno yangu mwenyewe. Nitausema ukweli ulivyo, hata pale unaponiaibisha.

Nilikuwa mpweke. Tangu nihamie kijijini nimekuwa mpweke, na humu jukwaani nimekuwa nikikataa.

Wa siku nyingi mnanikumbuka. Mimi ndiye niliyeanzisha ule uzi wa kujisifu kwamba nimehamia Gulwe, wilaya ya Mpwapwa, nalima mboga na naishi kwa gharama ndogo. Mkaniuliza, "Mama, huboreki peke yako huko?" Nikajibu kwa madaha kwamba anayeboreka ni yule asiyeweza kukaa na akili yake mwenyewe. Mwenzetu mmoja akauliza tena, nikamwambia aache wivu.

Ndugu uliyeuliza mara ya pili, popote ulipo, ulikuwa sahihi. Wakati nakujibu nilikuwa nimetoka kupiga customer care kuuliza salio ambalo nilikuwa nalijua. Nilitaka tu kumsikia mtu akiniita "mpendwa mteja".

Na hivi karibuni nilifungasha begi ili nirudi Dodoma moja kwa moja. Uzi huu unahusu begi hilo.

Nianze mwanzo.

Mimi ni mama wa miaka hamsini na kidogo. Chuo kikuu nilisomea maendeleo ya jamii. Hilo liwekeni akiba, mtalicheka baadaye. Nilifanya kazi Dodoma kwenye mradi ambao kazi yake kubwa ilikuwa kuandika ripoti kuhusu wanavijiji ambazo wanavijiji hawakuwahi kuziona. Mradi ukaisha, na mimi nikaisha nao. Mume wangu alishafariki. Mtoto wangu mmoja yuko chuo Mbeya, hunikumbuka bando linapokata.

Nikakodi nyumba ya vyumba viwili Gulwe, na kipande cha shamba kando ya mto. Msiwaze mto wenye maji. Sehemu kubwa ya mwaka, huu ni mto wa mchanga. Unachimba, unachimba tena, maji yanakuja kukusalimia chini.

Kuhusu unafuu sikuwadanganya. Kodi ya nyumba ni ndogo kuliko nilichokuwa natoa mjini kwa bajaji peke yake. Mchicha, chinese, figiri na bamia vinatoka. Nyanya zinatoka zikijisikia. Kuku wanataga. Mtu anayetaka kuishi kwa kidogo, uwanda huu wa kati utampokea, ila avumilie upepo na vumbi.

Tatizo lilikuwa jinsi nilivyokuja.

Nilikuja kama mtu anayehamia kisiwani. Majembe, reki, keni za kumwagilia, toroli, ngazi, kinu, ungo, chekeche, mtungi wa gesi, pampu ya petroli ya kuvuta maji. Nilijiapiza kwamba sitakuwa yule mgeni wa mjini anayesumbua watu kwa kuomba omba. Hata biashara niliipanga isiwe na usumbufu. Alfajiri nafunga matenga, kondakta wa basi anayapokea, mteja wangu wa soko la Majengo anayachukua Dodoma, jioni ananitumia ujumbe: "Yamefika." Hilo ndilo lilikuwa neno langu la siku.

Mpangilio mzuri sana. Hapakuwa na mahali popote ambapo mtu alilazimika kuniona.

Kila jioni niliona ungo mmoja ukitembea mtaani. Leo uko kwa huyu, kesho kwa yule. Jirani yangu wa karibu anaitwa Mama Sechelela, mama wa rika langu, mwenye kicheko kinachofika stesheni ya treni. Ana ungo wake mzima kabisa. Lakini nilimwona kwa macho yangu akienda kuazima ungo nyumba ya tatu.

Nikajisemea, hawa watu hawana mpangilio.

(Sasa mnaweza kucheka. Maendeleo ya jamii, upper second.)

Siku moja, miezi yangu ya mwanzo, Mama Sechelela alikuja kuazima toroli ili asombe uwele wake. Nikampa kwa moyo mweupe. Kesho yake akalirudisha, limeoshwa, na ndani yake kuna bakuli la bati limejaa karanga.

Nikamtazama. Mvua za mwaka ule zilikuwa zimekata mapema, na nyumbani kwake kuna binti mkubwa na wajukuu. Nikaona ni dhambi kuchukua chakula cha mtu kwa sababu ya toroli. Nikambebesha bakuli lake na karanga zake, nikamwambia kwa ule upole wetu wa ofisini, "Usijisumbue mama, wape watoto. Mimi ninazo. Toroli lipo tu, wakati wowote."

Akasema, "Haya."

Wakuu, ile "haya" mimi niliisikia kama asante.

Toroli halikuazimwa tena. Wala ngazi. Wala ungo wangu mpya, ambao nilikuwa nimeutundika ukutani kama cheti. Watu walinisalimia vizuri tu. Kanisani tulipeana mikono, kisha wakaondoka makundi makundi wakiongea, na mimi nikaondoka na mwavuli wangu. Kisimani nikifika mazungumzo yalipungua sauti, kama redio inayopunguzwa mgonjwa akilala.

Nikaanza kupika ugali mkubwa kuliko tumbo langu, sijui nikimtarajia nani. Asubuhi kiporo kwa kuku. Nikaanza kuzipa nyanya taarifa ya habari. Treni ikipita nilitoka nje kuangalia madirisha, nikapunga mkono mara moja, nikajiona mjinga, nikaupeleka ule mkono kichwani kama niliyekuwa najikuna.

Nani alikuwa ananiona hata nijifiche? Hakuna.

Ndipo mdogo wangu Adela, anayeishi Dodoma, akanipigia. "Dada, kuna chuo hapa kinatafuta mtu wa kufundisha kwa muda. Nimewapa jina lako. Chumba cha wageni kipo. Jumatatu wanataka jibu, uje usaini." Na wiki hiyohiyo mwenye shamba akaniuliza kama msimu ujao naendelea au ampe mtu mwingine.

Adela sikumjibu ndiyo, ila begi nililitoa chini ya kitanda.

Siku moja kabla ya safari ikanyesha mvua ya ghafla. Mto ukajaa, bodaboda anayeniletea gesi kutoka Mpwapwa akakwama ng'ambo. Na gesi, kwa adabu zake, ikaishia hapohapo, maharage yakiwa nusu. Nikasema si neno, mkaa upo. Kiberiti nacho kilikuwa kimelowa, bati linavuja. Duka limefungwa, mwenyewe yuko msibani.

Mwanamke mwenye toroli, ngazi na pampu hakuwa na moto.

Nikasimama mlangoni muda mrefu. Kisha nikaenda kwa Mama Sechelela.

"Hodi!"

"Karibu! Nani?"

"Jirani."

"Jirani yupi? Wote nawajua sauti." Akatoka, akashika mdomo. "Ee! Mama Ofisi! Mbukwa! Nani kafa?"

Hapo ndipo nilipojua kwamba kijijini naitwa Mama Ofisi.

"Hajafa mtu. Nimekuja kuomba moto."

"Moto?" Akageukia ndani. "Sechelela! Njoo uone! Mama Ofisi hana moto!"

Binti akatoka na mtoto mgongoni, anajizuia kucheka, akashindwa.

"Gesi imeisha," nikajitetea.

"Kumbe nayo inaisha? Sisi tulijua inazaa."

Akanivutia kigoda. Nikamwambia nina haraka, maharage yako jikoni. "Maharage hayana miguu, kaa," akasema. Akanisalimia upya, mbukwa yao ile, salamu ya Kigogo isiyokwisha: nyumbani kukoje, mtoto wa Mbeya yukoje, kuku wakoje, pampu ile kikohozi chake kimepona? Sikujua kama kuna mtu anamjua mtoto wa Mbeya. Sikujua kama kuna mtu anasikia pampu.

Nikajikaza nikauliza. "Mama Sechelela, mbona hukuja tena kuazima toroli?"

"Nije tena?" Akanitazama kama nimeuliza kitu cha kitoto. "Si ulinirudishia karanga zangu."

"Nilidhani nakusaidia."

"Nimefika nazo hapa, huyu Sechelela ananiuliza, mama, karanga mbona zimerudi, zina wadudu? Nikamwambia hapana, yule mama hataki kudaiwa na mtu. Yule ni abiria. Si abiria ndiye analipa hapohapo, anashuka, anakwenda zake?"

Wakacheka, mama na binti. Na mimi nikacheka, kwa kuchelewa kidogo, kama simu yenye mtandao mbovu.

Akachukua bakuli la bati, nililikumbuka mara moja, akaweka majivu, juu yake makaa ya moto. "Haya kimbia, yasikufie njiani."

Maharage yaliiva. Bakuli nikaliosha, nikaliweka mezani.

Lakini begi lilikuwa limeshafungwa, na mimi ni mtu wa ratiba. Asubuhi nikafunga mlango, ufunguo wa akiba nikamwachia mwenye nyumba, nikapanda basi. Sikumuaga mtu. Nilijiambia hakuna atakayejua.

Dodoma nikapitia Majengo, nimwone yule mteja wangu uso kwa uso, kwa mara ya kwanza. Akaniangalia juu hadi chini. "Mchicha wa Gulwe ni wewe? Mimi siku zote nilijua ni mbaba." Tukacheka, akaja mtu wa hoho, nikaondoka.

Kwa Adela kuzuri, nisiwe mnafiki. Maji ya moto ukutani, vigae, kochi linalokumeza. Jioni sebule inajaa watu, na kila mmoja ana simu yake. Shemeji anacheka na simu yake, watoto wanacheka na zao. Nikakaa katikati ya watu watano waliokuwa wanacheka, nikawaza kwamba nikihamia hapa nitakuwa nimehamisha upweke kutoka kwenye vumbi kuupeleka kwenye vigae. Tofauti ni kwamba hapa nitalipwa mshahara.

Na mshahara si kitu cha kudharau, tusidanganyane. Umri huu hauna ajira nyingi za kuchagua. Jumapili jioni nilimwambia Adela, "Kesho nitakwenda kusaini." Na nilimaanisha.

Funzo ninaliweka hapa, kabla sijamalizia, kwa sababu mwisho nataka kumwachia mtu mwingine.

Mnaotaka kuja vijijini kwa unafuu wa maisha, njooni. Lima mboga zinazokua haraka, usianze na nyanya, na kisima ukichimbe kabla kiangazi hakijakukamata. Ila usije na kila kitu. Acha angalau kitu kimoja mjini, hata chujio la chai. Na ukiletewa karanga, pokea. Mimi nilidhani kutomsumbua mtu ni heshima. Kumbe nilikuwa nawaambia watu kila siku, kwa adabu kabisa, kwamba siwahitaji, na wao wakaniamini.

Sijui kama ni Gulwe tu au na kwenu ni hivyo. Waliohama mjini wanisimulie walivyopokelewa, na waliozaliwa huko wanisahihishe. Anayetaka kunicheka acheke, nimeshazoea, wamenianza Mama Sechelela na binti yake.

Sasa simu.

Ilikuwa Jumapili hiyohiyo, nimeshampa Adela jibu, naenda kupiga pasi blauzi ya kusainia. Namba ngeni.

"Mama Ofisi! Uko wapi wewe?"

"Niko Dodoma. Mama Sechelela? Namba yangu umeipata wapi?"

"Kwa kondakta wako wa mboga. Pampu haijalia tangu juzi! Sisi huku pampu yako ndiyo saa. Ikikohoa tunajua ni muda wa kuinjika uji. Leo watoto wamekwenda kanisani na njaa." Akavuta pumzi. "Bakuli langu unalo?"

"Ninalo, liko mezani. Nisamehe sana. Mwambie mwenye nyumba akufungulie, ulichukue."

Akaguna.

"Nani kasema nalitaka? Mabakuli ninayo. Nauliza kama unalo."

"Ninalo."

"Basi kaa nalo. Utalileta mwenyewe, na usilete tupu."

Nyuma yake nikamsikia Sechelela akipaza sauti, "Mwambie na la toroli!"

"Eh, toroli tumelichukua, ulikuwa umeliacha nje. Tairi halina upepo. Njoo na pampu ya baiskeli."

"Sina pampu ya baiskeli," nikasema.

"Ndiyo vizuri," akasema. "Utaazima."

Akakata simu.