Maneno Mazuri Yasiyo na Mwenyewe

"Mama Mdogo, ukishakuwa wakili utakuwa unasema nini?"

Aliyeuliza ni mtoto wa dada yake, wa miaka minane, siku ile Mama Mdogo alipokuwa akipiga pasi shati jeupe la kuanzia mafunzo ya vitendo. Alikuwa mwaka wa tatu chuo cha sheria.

"Mengi," akajibu, akageuza kola.

Nyumbani walimwita Ibara. Akigongewa mlango wa bafu kwamba wenzake wanachelewa, alijibu kutokea ndani kuwa katiba inalinda faragha. Baba yake alisema alidhani analea mtoto, kumbe analea mahakama.

Wenzake darasani walikwenda kwenye ofisi za mawakili zenye zulia na kiyoyozi. Yeye aliomba kituo cha haki za binadamu: vyumba viwili juu ya duka la vipuri vya pikipiki, feni inayozunguka ikitaka, na benchi ambalo wenye shida walilisogelea mmoja mmoja kufuata zamu.

"Kujitolea ndiyo kazi gani?" baba yake aliuliza.

"Ya kuanzia."

Mteja wake wa kwanza alikuwa mfanya usafi wa kiwanda cha sabuni, mwenye mimba ya miezi mitano, aliyefukuzwa bila barua. Alitaka kitu kimoja tu: arudishwe, ajifungue akiwa na kazi.

Ibara alimsikiliza dakika kumi, akamwambia inatosha, akaandika kurasa tatu. "Mlalamikaji alitendewa ubaguzi unaokiuka utu wake na misingi ya mikataba ya kimataifa." Akamsomea. Mwanamke aliitikia kwa kichwa, kama mtu aliye kwenye mahubiri, akatia sahihi. Mratibu wa kituo, mwanasheria mtu mzima ambaye miwani yake ilikaa zaidi kichwani kuliko machoni, alizipitisha kurasa hizo huku watu kumi na wanne wakimsubiri mlangoni.

Kwenye baraza la migogoro ya kazi, wakili wa kiwanda aliziinua zile kurasa.

"Mama, haya ni maneno yako?"

Mwanamke alifikiri. Alikuwa ameapa kusema kweli.

"Hapana. Ni ya mdogo wangu yule pale. Lakini ni mazuri."

Mwenyekiti akayaweka kando, akatoa siku saba. Yasipoletwa maelezo ya mwenyewe, dai linafutwa.

Ngazi za kushukia zilikuwa ishirini na mbili. Ibara alizihesabu moja moja.

"Usijali, mdogo wangu," mwanamke alimwambia. "Ndiyo kusoma huko."

Kesho yake Ibara alimfuata nyumbani kwake, katiba akaiacha mezani. Kilikuwa chumba kimoja, pazia katikati, nguo za mtoto zimekunjwa ndani ya katoni la sabuni ya kiwanda kile kile. Akafungua daftari.

"Dada, nieleze tena."

"Si nilikwambia? Msimamizi alinikuta bombani."

"Halafu ikawaje?"

"Akanitazama tumbo. Akasema, 'Ndoo na hilo tumbo, utabeba kipi? Chagua.' Ndoo yenyewe ile nyekundu, mpini umefungwa waya."

"Halafu ikawaje?"

"Nikabeba ndoo. Akasema basi, kesho usije. Mlinzi akacheka, kisha akaona haya."

Kalamu ikasimama. "Mlinzi alikuwepo?"

"Si nimekwambia alicheka."

"Mbona siku ile hukumtaja?"

"Uliniambia inatosha."

Mlinzi alikuwa ameshahamia kazi nyingine, kwa hiyo hakuwa na wa kumwogopa. Alifika barazani, akakiri kwamba alicheka na kwamba hakikuwa cha kuchekesha. Wakili wa kiwanda akamgeukia mwanamke na swali lake la zamani.

"Yangu yote," mwanamke akasema. "Ndoo tu ndiyo ya kiwanda."

Akarudishwa kazini. Alijifungua akiwa likizo, kwa barua yenye mhuri.

Ibara alipomaliza masomo, kituo kilitangaza nafasi moja. Kwenye usaili wengine walitaja alama zao. Yeye alitaja kesi aliyokaribia kuiua. Mratibu akashusha miwani machoni, jambo la nadra, akamtazama vizuri. Sasa Ibara ndiye anayewapokea wanafunzi wa sheria wanaokuja kujifunza, na neno "inatosha" amewapigia marufuku.

Juzi mtoto wa dada yake, ambaye siku hizi anajipigia pasi sare ya shule, alimkumbusha lile swali. Uwakili ameupata, je, anasema nini?

Ibara alikuwa na shati mkononi, akisubiri zamu ya pasi.

"Nilikudanganya niliposema mengi," akamwambia. "Nasema, 'Halafu ikawaje?'"