Mikono Miwili Mbele ya Mkaguzi

Juma lililopita, katika uzee huu, nilipokea digrii yangu, na kilichonitoa jasho ni mikono. Unajua, rafiki, siwezi kupewa karatasi yoyote bila kurudi Ruiru, miaka ile ya hamsini, kwenye uwanja wa shule uliopakana na shamba la kahawa.

Mwalimu alitufundisha wiki nzima. Mkono wa kushoto upokee cheti, wa kulia umsalimu mkaguzi wa Kizungu, kisha mtu aseme kwa sauti, "I am honoured to receive this certificate," yaani anaona fahari kukipokea. Atakayekosea asahau shule ya kati kule Thika. Mimi niliamini kila neno. Niliikariri sentensi ile nikichuma kahawa, nikichota maji, nikimenya viazi, mpaka nyanya akauliza hayo ni maombi ya dhehebu gani.

Lakini nyanya naye alikuwa na sheria yake: kitu cha mkubwa hupokelewa kwa mikono miwili, na mkono wa kushoto peke yake ni matusi. Siku ya vyeti aliketi mstari wa mbele, leso yake ikinukia moshi wa kuni, macho yote kwangu.

Nilipoitwa, mikono yote miwili ikatangulia. Cheti nikakishika barabara, mkono wa mkaguzi ukabaki hewani. Mwalimu akakohoa. Niliwaza kila njia isipokuwa ya busara, kisha nikakibana cheti kwa meno na kumsalimu mkaguzi, tena kwa mikono miwili.

Sasa ikabaki sentensi, na kinywa kimejaa.

"Mbuzi amepata majani," mtu akasema nyuma, kicheko kikaanza.

Nyanya akainuka. Kwa kuwa nina jina la babu, alikuwa akiniita mume tangu nizaliwe. Akaja mpaka mbele, akafuta vidole kwenye leso, akakichomoa cheti kinywani mwangu.

"Mume wangu, nimekushikia," akasema. "Mjibu mgeni."

Nikaisema yote. Mkaguzi akamwinamia nyanya kidogo. Mwaka uliofuata nilikuwa Thika.

Juma lililopita sikukosea. Wa kushoto ukapokea, wa kulia ukasalimu, sentensi ikatoka laini. Wakapiga makofi, akaitwa mwingine. Nyanya tulishamzika, na kahawa ile iling'olewa. Nilishuka jukwaani polepole nikijiuliza kama yuko hata mmoja pale aliyeona kwamba nimekosa adabu.