Washona Viti wa Umm Ramool

Severina alishona viti vya mabasi kwa miaka minane katika kiwanda kimoja cha Umm Ramool, kule Uarabuni, jirani na Rashidiya. Kilikuwa cha zamani, kilichojengwa miaka ya sabini. Chesi, yaani fremu za chini za mabasi, zilikuja kwa meli, mabodi yakaundwa juu yake pale. Mwaka 2011 kikafungwa. Wenzake walirudi makwao, yeye akaajiriwa na kampuni ya usafi.

Miaka mitatu baadaye kampuni ilimpeleka kwenye jengo lililokuwa likigeuzwa ukumbi wa maonyesho ya sanaa. Kabla hajashuka garini alilitambua lile paa la kiwanda chake, lenye meno kama ya msumeno.

Ndani, kuta zilikuwa nyeupe, na kila chumba kilikuwa na kibao cha kueleza historia yake. Cha mwisho kiliandikwa: Chumba cha Rangi.

Siku mbili Severina alikipita kimya. Kazi yake ilikuwa kufagia. Siku ya tatu alimkuta Madam Fairuz, msanifu wa jengo, akipima mlango.

"Samahani, madam. Hapa hatukupaka rangi. Tulishona viti."

"Nani alikuambia?"

"Nilikuwa nashona mimi mwenyewe."

Fairuz alimtazama. "Ramani haionyeshi chumba cha kushonea."

Severina akapiga magoti, akafuta vumbi sakafuni. Palikuwa na matundu manne ya boliti, hatua mbili mbele mengine manne, hivyo hivyo mpaka ukutani.

"Cherehani sita, wanawake sita, na kiyoyozi hata kimoja hakuna. Mimi nilikaa hapa dirishani. Pale alikaa Jalia, Mganda."

Fairuz akachuchumaa kando yake, akafungua daftari. "Nitajie wote."

Aliwataja polepole, asije akamsahau mtu. Lake alilitaja mwisho.

Siku ya ufunguzi kibao kilikuwa kipya, kina majina sita. Mito ya mabenchi yote ya ukumbi alikuwa ameishona Severina. Fairuz ndiye aliyemwomba, na mwezi uliofuata ukumbi ukamwajiri na kuhamisha viza yake kutoka kampuni ya usafi, akawa fundi wao.

Siku ile ile ya ufunguzi Severina alikipiga picha kibao, akamtumia Jalia kule Masaka. Jalia akapiga simu papo hapo. 

"Kiyoyozi je, waliweka?" Jalia akauliza.

"Vitatu."

Wakacheka wote wawili, kisha wakaanza kuulizana habari za watoto.