Afnan na Katoni za Mbuthia

Afnan akija kusukwa kwangu Kenyatta Market, kwanza nashusha pazia ndipo avue hijabu. Kisha anafungua mkoba na kunimwagia takataka kibandani. Kweli tena! Makaratasi ya sabuni, ya biskuti, ya chumvi. Anachotaka ni ile mistari myeusi ya mgongoni, bakodi. "Dada, hata panya wa hapa hawakusanyi hivyo," humtania, naye hucheka mpaka kichwa kinanitoroka mkononi.

Mchana ameajiriwa na kampuni ya bima mjini. Akirudi kwake Kileleshwa anaandika programu yake mwenyewe, ya kusoma bakodi na kukagua kama ni halali. Haiuzi. Anaiweka mtandaoni, na mafundi wanaotengeneza programu za madukani wanaichukua bure na kuitia ndani ya zao. Aliwahi kunieleza kwamba katika zile namba zilizo chini ya mistari, ya mwisho ni shahidi wa wenzake. Ukikosea moja tu, shahidi anakataa. Mimi hesabu ilinishinda shuleni, lakini hiyo ilinikaa.

Jumamosi moja nilikuwa nimemaliza upande mmoja wa kichwa chake tuliposikia kelele duka la mbele yetu. Ni la Mbuthia, anayetuuzia nywele za kusukia. Ana lingine kule Kileleshwa.

"Toka kwa hiyo kaunta! Kikulacho ki nguoni mwako, na ni wewe!"

Aliyekuwa akifokewa ni Cate, karani wake, msichana wa Woodley ambaye ukisahau simu dukani anakukimbilia nayo hadi barabarani. Mbuthia alikuwa amekagua stoo. Kompyuta inamwambia pakiti zimejaa, rafu ziko tupu. "Kompyuta haina mikono ya kuiba," akanguruma. "Mwizi ni wewe!" Wasusi wote walikuwa wametoka milangoni, vitana mikononi. Cate analia tu, "Haki ya Mungu sijachukua." Nilipandwa na hasira, nikatamani kumrushia mzee yule brashi ya nywele.

Fundi aliyemuuzia Mbuthia mashine alishamwambia Afnan kwamba ndani yake imo programu aliyoiandika yeye. Akajifunga mtandio juu ya kichwa kilichosukwa nusu, nywele za upande wa pili zikiuinua kama mto, akachukua mkoba, akavuka.

"Samahani, mzee wangu. Mkipeleka mzigo duka la Kileleshwa, mwaskani bakodi ya katoni au ya kila pakiti?"

"Katoni. Nani ako na wakati ya kuskani moja moja?"

Afnan akakalia kreti, akatoa kompyuta yake mkobani, akaiweka magotini, akaisoma programu yake. Sote tulimkodolea macho. Alipoinua uso, ulikuwa umemshuka.

Akatueleza. Bakodi ya katoni ina namba ya ziada mbele, inayosema huu ni mzigo mzima, si kitu kimoja. Programu yake ilikuwa ikiikata namba hiyo, ikitafuta shahidi mpya wa zilizobaki, na kuiona katoni kama pakiti moja. Cate alikuwa akitoa katoni, kompyuta ikiandika imetoka pakiti. Pakiti nyingine za katoni hiyo ikadhani bado ziko stoo.

"Piga simu duka la pili," akamwambia Mbuthia.

Akapiga. Nashon, anayesimamia duka hilo, akajibu kwamba nywele zimejaa, zimezidi hata zilizoandikwa kwenye kompyuta.

"Na mbona hukuniambia?"

"Boss, si zimezidi? Ungekuwa upungufu ningesema."

Ala! Huko hakuna aliyepigiwa kelele.

Afnan angesema mashine imekosea, yakaisha, arudi nimalize kichwa. Nani angejua? Lakini alisimama mbele ya soko zima. "Si mashine, mzee wangu. Kosa ni langu. Mimi ndiye niliyeiandika, na huyu binti ametukanwa kwa sababu yangu." Nilimwonea fahari kana kwamba ni mdogo wangu wa tumbo moja.

Mbuthia akakohoa. "Sawa, sawa. Cate, kuja tuongee huko nyuma."

"Hukumwita mwizi huko nyuma," Afnan akasema.

Weee! Wasusi tulipiga vigelegele mpaka wachoma nyama wakaja kuona kuna nini. Mbuthia akajikuna shingo, akatutazama, akapaza sauti: "Haya, nyinyi wote mmesikia. Cate hajaiba kitu." Kisha akamwonyesha kiti chake aketi. Cate hakuketi.

"Asubuhi ulipigia mama yangu," akasema. "Ukamwambia amezaa mwizi. Mpigie."

Mbuthia hakuwa na pa kupitia. Akapiga, na Cate akanyoosha mkono akaifungulia simu sauti, sote tusikie.

"Mama Cate, ni mimi Mbuthia. Nilikosea. Msichana wako hajaiba."

"Mimi nilikuwa najua," mama akasema. "Yeye mwenyewe umemwomba msamaha?"

Mbuthia akaweka simu juu ya kaunta, akavua kofia, akamgeukia Cate. Nyuma yake Afnan alikuwa amesimama, mtandio umempinda, akingoja zamu yake ya kumwomba msamaha.