Gari Alilokataa Kuniuzia Bwana

Miaka sita nilikuwa dereva wa Mzungu mmoja mwenye shamba la kahawa karibu na Mbeya. Gari lake lilikuwa jeusi, lenye viti vya ngozi na dashibodi ya mbao. Yeye alilipanda tu. Aliyelijua ni mimi. Nililibadilishia oili kabla hajauliza, na nikirudi na vumbi la barabarani sikula kabla sijalifuta.

Katikati ya miaka ya hamsini akatangaza kwamba anarudi kwao na gari anauza. Siku hizohizo fundi mmoja wa Iringa alikuwa anauza pikapu kuukuu, bodi imeoza, mlango mmoja umefungwa kwa waya. Bei yake haikufika hata nusu ya lile jeusi. Mke wangu aliitaka hiyo.

"Baba watoto, viazi vyetu utavipakia kwenye viti vya ngozi?"

"Pikapu ile ni ugonjwa," nikamwambia. "Hili la bwana najua hata linavyokohoa."

Tulibishana siku tatu. Mwishowe akakubali, akatoa na fedha zake za mauzo ya pareto. Nikavaa shati la kanisani, nikaenda kwa bwana.

Hakuzigusa fedha zangu. Alitabasamu. "Dereva, gari hili utakwenda nalo wapi?"

"Nitakakotaka, bwana."

Akasema nisijitafutie aibu, watu watadhani nimeliiba. Afadhali ninunue gari la kazi. Alisema kwa upole, kama mtu anayemnyang'anya mtoto kisu. Upole ule uliniuma kuliko tusi.

Jumamosi akaniagiza nilioshe vizuri, mnunuzi anakuja. Alikuwa Mzungu mwenzake, na wakakubaliana bei ya chini kuliko ile niliyopeleka mimi. Niliisikia kwa masikio yangu, nimeinama kwenye gurudumu. Nikatupa kitambaa ndani ya ndoo, nikaweka funguo juu ya boneti.

"Bwana, kazi yangu imekwisha leo."

Aliniita mara mbili. Sikugeuka.

Nilipanda basi hadi Iringa, nikainunua ile pikapu. Wakati wa kurudi ilichemka mara tatu kabla ya kufika Nyololo, hata nusu ya njia bado, nami nikawa naomba maji nyumba kwa nyumba . Nilipofika nyumbani mke wangu hakunicheka. Alifungua ule waya, akaketi kando yangu, akasema, "Haya, twende shambani."

Pikapu ile ilibeba viazi, maharusi na wagonjwa kwa miaka mingi. Ndiyo maana jamaa zangu hadi leo huniambia, "Mungu alikuepusha. Lile la kifahari lingekufilisi." Wakisema hivyo huinuka nikatoka nje. Huenda lingenifilisi kweli. Lakini mimi na mke wangu tulikuwa tumekwisha kuchagua, na hakuna aliyemwomba bwana yule atuchagulie.