Ufukwe Usio na Shemeji

Esteri alitaka kitu kimoja tu mwaka huu: kukaa. Si kukaa Kibondo, huko alishakaa ya kutosha, bali kukaa kwa maana ya kuketi kwenye mkeka na kubaki hapo bila mtu kumwambia lete chumvi. Tangu aolewe, nyumba yao ya karibu na stendi imekuwa kituo cha ukoo mzima wa mumewe. Anayetoka Kitanga kuja kutibiwa hulala kwao. Anayetoka Mabamba na gunia lake la maharage hula kwao. Ikitokea harusi, Esteri yuko jikoni, na ukitokea msiba, Esteri yuko jikoni. Halafu wote humsifu kwamba mke wa Venanti ana moyo. Moyo anao, ndiyo, lakini na mgongo pia anao, na wa kuuulizia mgongo hajatokea mpaka leo.

Kwa hiyo binti yao Providence, nesi huko Dodoma, alipopiga simu kusema amewaandalia wazazi wake wiki nzima ya likizo baharini, wachague wenyewe ufukwe wanaoutaka, Esteri aliingia chumbani akafunga mlango akacheka peke yake. Alikosea jambo moja: alimwachia mume achague.

Venanti si mtu mbaya, tusimsingizie. Ana duka la mbegu na mbolea, pombe anaijua kiasi chake, na kanisani ndiye anayekabidhiwa funguo. Ila hawezi kwenda mahali asikokuwa na ndugu. Kwao ukisema unasafiri, hawakuulizi unakwenda kufanya nini, wanakuuliza utafikia kwa nani, na ukikosa jibu wanakuonea huruma kama umeibiwa. Wenzetu huchagua ufukwe kwa mchanga na maji yake. Yeye alichagua kwa ndugu zake, ambao kwa Esteri ni mashemeji, na hebu niambie ni shemeji gani aliyewahi kumpokea mke wa ndugu yake akamwambia apumzike.

Alianza na Kigamboni, kwa mdogo wake. Esteri akamkumbusha kwamba mke wa huyo mdogo wake amejifungua mapacha juzi tu. Venanti akasema basi ndiyo vizuri, Esteri atamsaidia kidogo. Baadaye ikawa Bagamoyo, ambako binamu yake ana banda la chakula na anatamani sana kupata mtu anayejua kuunga maharage ya nyumbani. Esteri akakataa. Ikaja Tanga mjini, kwa mjomba aliyefiwa na mkewe, na Venanti akaeleza kwa huruma ya kweli kwamba maskini nyumba ile haina mwanamke. Hapo Esteri alishika kichwa kwa mikono miwili.

Maana hii filamu alishaiona. Mwaka ule walipokwenda Kigoma, naye akaahidiwa kuliona ziwa, walifikia Ujiji kwa ndugu wa Venanti. Aliparua samaki tangu walipofika hadi walipoondoka, na ziwa aliliona kupitia dirisha la jikoni. Venanti aliogelea. Mpaka leo husimulia jinsi maji yalivyokuwa matamu.

Sasa Esteri akaanza kutafuta mwenyewe. Aliazima simu kubwa ya jirani, akatazama picha za Paje, za Kilwa Masoko, na za Msimbati kule mwisho kabisa kusini. Hakuangalia minazi. Alikuwa akitafuta ufukwe usio na shemeji, basi. Msimbati ulimpendeza kwa sababu pichani hapakuwa na mtu hata mmoja. Venanti aliitazama picha ile kama anayeonyeshwa kaburi, akauliza wakiugua itakuwaje. Jumapili akatoka kanisani anatabasamu: amempata mtu ambaye shemeji yake ana nyumba Mtwara, huko huko kusini, na ameshampigia, wanasubiriwa kwa hamu.

Yakamfika Esteri shingoni. Alimwambia Venanti kwamba yeye anataka mahali ambapo hakuna mtu anayewajua, hata mmoja, hata mbwa.

"Wewe unasema hivyo kwa sababu huna watu," Venanti akajibu.

Hakusema kwa ubaya, na ndiyo maana iliuma zaidi. Wazazi wa Esteri walivuka kutoka Burundi na watoto mgongoni, uraia yeye aliupata akiwa tayari ni mama, na ukoo wake umetawanyika, wengine wamerudi, wengine wamekufa. Alitoka nje akakaa kupukuchua maharage, machozi ya hasira yakidondokea humo humo kwenye ungo.

Hapo ndipo simu ikalia. Alikuwa shangazi yake Winifrida, dada wa baba yake, ambaye alimfuata mumewe kwenye mashamba ya mkonge karibu na Pangani angali msichana, akazeekea huko. Hupiga kusalimia tu. Siku hiyo Esteri alimwaga yote, mapacha, banda, mjomba mjane na mbwa. Shangazi akasikiliza hadi mwisho.

"Mwana wacu," akasema kwa lugha ya nyumbani, yaani mwanetu, "kwani Pangani si bahari?"

Esteri aliacha kupukuchua. Siku zote hizi alikuwa akiwakimbia watu, kumbe tatizo lilikuwa ni watu wa nani. Kwa Venanti yeye ni mke wa ukoo. Kwa shangazi ni mtoto wao. Jioni akamwambia mumewe kwamba ufukwe umepatikana na wa kufikia yupo. Venanti alifurahi sana, mpaka alipoambiwa ni kwa nani. Lakini atakataaje, naye ndiye aliyetaka watu? Akaenda kutafuta koti, maana ukweni mtu haendi ovyo ovyo.

Walifika Pangani mchana wa jua kali. Venanti alikalishwa kwenye kiti kizuri, akakaa ukingoni, koti limefungwa vifungo vyote, jasho linamchuruzika. Alitengewa chakula chumba cha peke yake, kwa heshima, akala kidogo, akaona haya kuomba kuongezewa. Esteri naye, kwa mazoea, alikuwa ameshafika jikoni na mwiko ameshaushika. Shangazi akamnyang'anya.

"Kaa," akasema.

Esteri akakaa. Kila kifuniko cha sufuria kilipolia alitaka kuinuka, na kila mara shangazi akarudia neno lile lile. Baadaye kidogo aliacha kusikia vifuniko, akanyoosha miguu.

Venanti akaja taratibu, akainama karibu yake akanong'ona. Bahari inasikika pale nyuma tu, wataiona lini?

"Kesho," Esteri akajibu bila kuinuka. "Leo niko kwa watu wangu."

Venanti alirudi kwenye kiti chake. Koti hakuvua.